Kompyuta za Mtumba Zilizofungwa kwa Neno la Siri: Tuanze na Daftari

(Hotuba iliyotolewa na mwenzetu mmoja, fundi wa Kariakoo, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tumeichapa kama ilivyosemwa, ila tumepunguza salamu. – Mhariri)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya watu katika ukumbi huu ilikuwa mwaka 1978, nikiwa kidato cha nne, na siku ile sikualikwa, niliitwa. (Kicheko.) Leo nimealikwa, nami nitajitahidi nisizidishe muda.

Wote mnajua jambo lililotukusanya. Wenzetu walioko ng'ambo walituletea kompyuta 18 zilizokwisha kutumika. Ziliposhushwa, 7 ziliwaka na kufanya kazi siku ile ile. Nyingine 11 ziliuliza neno la siri ambalo hapa hakuna alijuaye. Zikarudishwa stoo, zikafunikwa turubai, na minong'ono ikaanza. Wako waliosema tumeletewa taka. Wako waliosema zipelekwe Kariakoo zikafunguliwe kwa elfu kumi kumi, yaishe. Na yuko kijana mmoja wa kidato cha tatu aliyeingia stoo na kufungua moja peke yake, bila kumwuliza mtu. Nitarudi kwa kijana huyo kabla sijamaliza; nimekwisha kuzungumza naye na ameniruhusu nimtaje bila jina.

Kamati iliniomba mimi nizitazame, kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo. Basi niliyonayo leo ni maelezo ya fundi tu, si ya mwanachuo.

Tulikotoka

Nilipoanza kidato cha kwanza, mwaka 1975, Soko Kuu la Kariakoo lilikuwa linafunguliwa, lile jengo alilolichora Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Mwaka mmoja nyuma, 1974, Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini ila kwa kibali. Hazina ilikuwa na kompyuta tangu 1965, lakini gharama na matatizo yake yaliwachosha wakubwa. Kwa hiyo sisi tulimaliza shule bila kuiona mashine hiyo kwa macho. Nilijifunza ufundi kwa redio za mbao, kisha kanda, kisha televisheni. Marufuku yalipoondolewa katika miaka ya 1990, kompyuta zikaanza kuingia, nami nikaingia nazo, bisibisi mkononi.

Kompyuta nyingi zilizopita mezani pangu tangu wakati huo ni za mtumba. Ofisi ya Ulaya, Marekani au Dubai hununua mashine mia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa mkupuo. Mnunuzi huzipakia kwenye kontena, zikashuka bandarini, na kutoka bandarini hadi Msimbazi si mbali. Mwanafunzi asiyeweza kununua mpya hupata ya mtumba akafanya kazi yake. Mimi siioni aibu biashara hiyo. Wengi wetu humu tumevaa mtumba tukaoa nao. (Kicheko na makofi.)

Lakini nguo ya mtumba haikuulizi wewe ni nani. Kompyuta hukuuliza.

Kwa nini imefungwa?

Ndugu Mwenyekiti, kompyuta ikiuliza neno la siri, ambalo vijana siku hizi huliita nywila, fundi mwema hatafuti kwanza namna ya kulivunja. Hujiuliza kwanza, kwa nini imefungwa? Sababu ninazozijua ni tatu.

Ya kwanza ni usahaulifu. Mtunza kompyuta wa ofisi fulani aliweka neno moja kwenye mashine zote mia. Mashine zikauzwa, yeye akahama kazi, neno akaondoka nalo kichwani. Hii si dhambi ya mtu.

Ya pili ni kwamba mashine bado ni mali ya mtu kwa maandishi. Shirika limeisajili, na halijaifuta katika orodha yake. Pengine limesahau; pengine mashine haikupaswa kuuzwa kabisa.

Ya tatu ni wizi. Na hapa nasema bila kuzunguka: kufuli likiwa la sababu ya kwanza na likiwa la sababu ya tatu, kwa macho ni lile lile. Kioo hakikwambii. Kinachokwambia ni karatasi.

Maneno ya siri yenyewe si ya kale. Katika kompyuta yalianza kutumika mwaka 1961 huko Massachusetts, Marekani, katika chuo cha MIT, chini ya Fernando Corbató, kwa sababu watu wengi walitumia mashine moja na kila mmoja alitaka mafaili yake yawe yake. Mwaka uliofuata mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, aliyepewa saa nne tu kwa juma, aliona hazimtoshi. Akaiamuru mashine imchapie orodha ya maneno ya siri ya wote. Kwa hiyo, vijana, msidhani nyinyi ndio mlioanza. (Kicheko.)

Kufuli nne

Watu husema "kompyuta imefungwa" kana kwamba kufuli ni moja. Ziko nne, na anayezichanganya hupoteza pesa. Nitazieleza kwa mfano wa nyumba zetu za Kiswahili pale Kariakoo: kuna mlango mkubwa wa barazani, kuna mlango wa chumba, kuna sanduku uvunguni, na kuna hati ya nyumba.

Kufuli la kwanza ni la mlango mkubwa. Neno linaulizwa mara tu unapobonyeza swichi, kabla ya kuona Windows. Hilo linawekwa katika programu ya msingi iliyomo kwenye ubao wa mashine, ambayo mafundi tunaiita bayosi. Nalo ni la namna mbili: moja la kuwashia, na jingine la msimamizi, linalozuia kubadili mipangilio. Mashine yaweza kuwaka vizuri ukadhani ni huru, kumbe ukitaka iwakie kwenye flashi ili uiwekee programu mpya, inakudai neno la msimamizi.

Katika kompyuta nyingi za zamani za mezani, mipangilio hiyo hutunzwa katika kumbukumbu ndogo inayoishi kwa betri ya duara kama sarafu, ile CR2032 ya volti 3. Tangu kompyuta za IBM za AT za mwaka 1984 mtindo huo umeenea. Ukichomoa umeme, ukafungua kasha, ukatoa betri hiyo kwa muda, au ukahamisha kile kikofia kidogo cha plastiki kinachounganisha vipini viwili kwenye ubao, mara nyingi mipangilio hufutika na neno la siri hufutika nayo. Kitabu cha mashine huonyesha kikofia hicho kilipo.

Lakini laptopu za kiofisi ni jambo jingine. Watengenezaji waliona hila ya betri, wakalihamishia neno la msimamizi kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Ukitoa betri utapoteza saa na tarehe tu, neno litabaki. Basi mkimwona fundi ameichomoa betri ya laptopu ya namna hiyo akawaambia mrudi kesho, jueni kwamba mtarudi kesho na keshokutwa. Dell, kwa mfano, humsaidia mwenye mashine akithibitisha kwamba ni yake. Lenovo wameandika waziwazi katika vitabu vya ThinkPad kwamba neno la msimamizi likisahaulika, dawa yao ni kubadili ubao mzima wa mashine. Bei ya ubao huo yaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe ya mtumba. Hapo ndipo mtu hujua kwamba alinunua mbuzi kwenye gunia.

Kufuli la pili ni la mlango wa chumba, yaani neno la Windows. Hili ndilo wengi hulihofia sana, na kwa mwenye mashine halali ndilo jepesi kuliko yote. Hahitaji kulijua neno la mwenye zamani. Anaifuta diski na kuweka programu mpya, au kama wasemavyo vijana wa Kariakoo, "anapiga Windows". Na hapa ongezeni jambo hili: tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imemaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hivi. Kwa mashine za umri huo, shule yetu itafanya vyema kuweka Linux, kama vile Ubuntu au Mint. Ni bure, ni halali, na mwanafunzi ataandika, atahesabu na atajifunza kutunga programu bila tabu.

Kufuli la tatu ni la sanduku, yaani diski. Na hapa pana mambo mawili tofauti. Liko neno la siri linalokaa ndani ya diski yenyewe. Ukiitoa diski hiyo ukaitia kwenye mashine nyingine, itakataa huko pia, kama sanduku lililohamishwa chumba. Kwa kawaida nafuu ni kununua diski nyingine. Kisha kuna diski ambayo haikufungwa mlango, bali maandishi yake yamegeuzwa fumbo. Katika Windows kazi hiyo hufanywa na BitLocker, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007, na ufunguo wake wa akiba una tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo hasomi kitu. Diski yaweza kufutwa ikatumika tena, lakini yaliyomo ndiyo kwaheri. Atakayekuahidi kuyasoma kwa shilingi elfu ishirini anakudanganya.

Kufuli la nne ni la hati. Hili ni jipya, na ndilo linalowaliza watu wengi leo. Mashine imesajiliwa kwa mwenyewe katika kompyuta za mtengenezaji, mbali huko. Unaweza kuifuta, ukabadili diski, ukapiga Windows mara saba, siku utakayoiunganisha na intaneti, inauliza kule mbali, "Mimi ni wa nani?" na inajibiwa. Kompyuta za Apple zenye kidude cha T2, na zile zilizofuata, zina kufuli hilo tangu mwaka 2019. Kwa Windows na Chromebook, shirika au shule yaweza kuisajili mashine hivi kwamba wakati wa kuianzisha upya jina la shirika linatokea kwenye kioo. Kufuli hili halina betri wala kikofia. Huondolewa na yule aliyesajili, naye akitaka huliondoa kwa dakika chache akiwa amekaa kitini pake. Kwa hiyo kazi ya fundi hapo ni kuandika barua.

Kosa langu mwenyewe

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa nieleze jambo ambalo wengi humu hamjapata kulisikia.

Mwaka 2008 alinijia kijana dukani na laptopu moja safi. Alisema ameletewa na binamu yake kutoka Ulaya, na kwamba amesahau neno la siri. Nilimtazama. Nilijua kwamba mtu hasahau neno la kitu alicholetewa juzi. Lakini bei aliyotaja ilikuwa shilingi 250,000, na mashine ya namna ile ilikuwa ikiuzwa mara mbili ya hapo. Nilitoa pesa. Sikumwandikisha jina wala sikuandika namba ya mashine. Lilikuwa kufuli la pili tu, la mlango wa chumba. Siku ile ile nilifuta diski, nikapiga Windows mpya, na baada ya siku tatu nilikuwa nimekwisha kuiuza.

Haukupita mwezi, alikuja mwalimu mmoja wa kike, akiwa na askari na yule mteja wangu. Mwenzake wa kazini alikuwa ameiona mashine kwa mteja akaitambua kwa alama ya rangi ya kucha iliyokuwa chini yake. Ilikuwa imeibwa ndani ya daladala. Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. Aliigeuza mashine, akaitazama ile alama yake, kisha akaniuliza: "Fundi, kazi yangu iko wapi?"

Ilikuwa tasnifu yake, kazi ya miaka miwili, na picha za mama yake aliyekuwa ameshafariki. Nikamwambia nimefuta. Akauliza kama haiwezi kurudi. Nilijaribu usiku ule na siku iliyofuata. Nilipata vipande vya barua na nusu ya picha moja. Tasnifu sikuipata.

Mashine nilimrudishia. Mteja nilimrudishia pesa zake. Polisi walichukua maelezo yangu, na kwa kuwa niliwapa kila nilichokuwa nacho, jambo halikufika mahakamani. Lakini sheria ingeweza kunipata, na mafundi vijana walioko humu wajue hivyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamkamata anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Bei ya nusu ni sababu. Mtu kusahau neno la mashine yake mpya ni sababu. Na katika sheria za mauzo, mwizi hawezi kukuuzia haki asiyokuwa nayo. Ukinunua kwake, mali hubaki ya mwenyewe nawe unabaki na hasara. Tangu mwaka 2015 iko pia Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayomhusu anayeingia kwenye kompyuta ya mwingine bila haki. Haitofautishi kati ya mwenye nia ya kuiba na mwenye kutaka kuonyesha umahiri.

Lakini sisemi haya kwa ajili ya sheria. Ningeliweka diski ile katika bahasha kwa mwezi mmoja tu na kutia nyingine, mwalimu yule angeliipata kazi yake yote. Diski ndogo wakati ule ilikuwa chini ya faida niliyoipata. Nilifuta kazi ya miaka miwili kwa sababu ya haraka ya siku tatu.

Toka hapo nina daftari. Kila mashine inayoingia mezani kwangu nayaandika haya: tarehe, aina, namba yake ya utambulisho, jina la aliyeileta na namba ya kitambulisho chake, karatasi aliyonionyesha, na aina ya kufuli. Asiyetaka kuandikwa huondoka na mashine yake. Na diski yenye kufuli haifutwi kabla ya siku 30, hata mwenyewe akinihimiza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilidhani wanasema juu ya mali yangu. Kumbe walisema na juu ya mali za watu.

Na daftari liwe na nakala mahali pengine. Tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua, tuliona jinsi vilivyowekwa chini ya paa moja vinavyoteketea kwa usiku mmoja.

Ukienda kununua

Vijana, na wazazi wao walioko humu, sikilizeni haya machache.

Nenda mchana, na ununue kwenye fremu ambayo kesho utaikuta pale pale. Winga wa barabarani ana maneno matamu, lakini hana mlango wa kugonga siku mashine ikikataa.

Usilipe kabla haijawashwa. Ikizimwa na kuwashwa tena, ingia kwenye mipangilio ya msingi: kwa Dell bonyeza F2, kwa HP F10, kwa ThinkPad F1. Ikikudai neno la siri hapo, kufuli la kwanza lipo. Mwombe muuzaji aliondoe mbele yako au uiache.

Ukiwa ndani ya mipangilio hiyo, linganisha namba ya mashine iliyoandikwa kwenye kioo na ile ya chini ya kasha. Zikitofautiana, uliza. Tazama pia kama pana karatasi ya shirika iliyobanduliwa au namba iliyokwanguliwa.

Kisha iunganishe na intaneti ya simu yako, na ianzishwe upya mwanzo hadi mwisho ukiwa umekaa pale. Muuzaji akisema intaneti haina haja, basi haja ndiyo hiyo. Kufuli la nne hujitokeza hapo tu.

Mwisho, dai risiti ya mashine ya kodi, na namba ya kompyuta iandikwe juu yake. Risiti isiyo na namba ya mashine ni risiti ya mashine yoyote.

Na nyinyi mnaotoa msaada, ukitoa nyumba toa na funguo. Kabla hujafunga sanduku, ondoa neno la msimamizi, futa yaliyo yako, iondoe mashine katika usajili, na uandike orodha ya namba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mambo ya wafanyakazi na wagonjwa wa watu yasije yakasomwa stoo ya shule.

Zile 11

Sasa nitoe taarifa ya kazi niliyotumwa. Sikuanza na bisibisi. Nilianza na daftari la kurasa 48, na wanafunzi wawili wakanisaidia kuandika namba zote 18. Kisha tukaandika barua kwa wenzetu ng'ambo, tukaomba orodha ya ofisi iliyotoa mashine.

Jibu lilipokuja, tulizipanga 11 kwa kufuli zake. Kompyuta 3 za mezani zilikuwa na kufuli la kwanza la mtindo wa betri. Zilikuwamo kwenye orodha, tukazifungua mbele ya Makamu Mkuu wa Shule. Laptopu 3 zilikuwa na neno la msimamizi. Ofisi ile ilitutumia neno, na lilikuwa moja kwa zote. Moja ilikuwa imesajiliwa; wakaifuta katika orodha yao, na jioni ile ile ikawa huru. Zilizobaki 4 zilikuwa na kufuli la Windows tu, na 3 kati ya hizo tumezifuta na kuzitia Linux. Kwa hiyo kompyuta 17 ziko darasani leo, na gharama yetu yote ilikuwa betri tatu, flashi moja, na barua. (Makofi.)

Ya 18 haimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Ofisi haiijui. Waliofunga sanduku hawakumbuki ilivyoingia. Nayo ndiyo ile aliyoifungua kijana wetu wa kidato cha tatu. Aliifungua kwa ustadi. Alitengeneza flashi mwenyewe, akafuta diski, akaweka programu mpya, ikawaka. Mimi katika umri wake nisingeweza. Lakini kama mlikuwamo jina la mwenyewe, halimo tena. Kilichobaki ni namba ya chini ya kasha.

Wako wanachama waliosema, kwa kuwa imekwisha kufunguliwa, itumike, mwanafunzi mmoja apate faida. Nawaheshimu, na najua foleni ilivyo ndefu mlangoni pa chumba cha kompyuta. Hata hivyo siafikiani nao. Wanafunzi 17 watajifunza kompyuta kwa mashine zile 17. Kwa hii moja, shule nzima inajifunza sisi wazee tunafanya nini na kitu tusichokijua mwenyewe. Napendekeza ikae kabatini mwa Mkuu wa Shule, namba yake ipelekwe kwa mtengenezaji na kwa wenzetu ng'ambo, na hapa polisi waarifiwe. Mwenyewe akipatikana akaitoa kwa hiari, tutaipokea kwa shukrani. Asipopatikana, mkutano ujao uamue, na uamuzi uandikwe.

Ama kijana, wako waliotaka aadhibiwe. Nilimweleza habari ya yule mwalimu wa mwaka 2008. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nilipata kumwona tena. Nikamwambia sikumwona. Mimi nilifanya kosa hilo hilo nikiwa na miaka 47 na duka langu. Yeye ana 15, na hakuna aliyekuwa amemfundisha. Kwa hiyo nimemwomba Mkuu wa Shule, naye amekubali, kwamba kijana huyo ndiye atakayeshika daftari la chumba cha kompyuta. Kazi ya bisibisi anaijua. Kazi ya kalamu ataanza Jumamosi ijayo saa 3 asubuhi, nami nitakuwapo, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitakuja kufundisha wote wanaotaka.

Ndugu Mwenyekiti, nilisema sitazidisha muda, nami naona Mwalimu wetu wa zamani pale mbele anatazama saa kama alivyokuwa akiitazama mwaka 1978. (Kicheko.) Naomba hoja yangu ya mashine ya 18 ijadiliwe.